Theluji ya Chita

Hapa Chita, bondeni Kilombero, mvua za kwanza zikishagonga bati, huota vitu viwili: magugu shambani na kamati kanisani. Magugu yana dawa, inauzwa dukani kwa lita. Kamati haina dawa. Ikishaota inatoa machipukizi: kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, kamati ndogo ya sare, na ile iliyoninasa mimi, kamati ya kuchagua nyimbo watakazoimba watoto Noeli.

Sikuomba. Kigangoni kwetu mtu akilalamika mara ya kwanza anasikilizwa. Akilalamika tena anafanywa mjumbe, apate kunyamaza. Nami nilikuwa nimelalamika kwamba Noeli iliyopita watoto waliimba kitu ambacho wao hawakukielewa, wazazi wao hawakukielewa, na nina wasiwasi hata na Mtoto Yesu aliyekuwa amelazwa pale mbele. Mwenyekiti akatabasamu, nikajua nimekwisha. "Hoja yako nzuri sana, mzee wangu. Ingia kwenye kamati uisimamie."

Nitawataja wajumbe kwa vyeo tu, maana tunachota maji bomba moja. Kuna baba katekista, mwenye sheria. Kuna mwalimu wa kwaya, mwenye nota. Mjumbe wa wazee, mwenye kumbukumbu. Mjumbe wa vijana, mwenye simu. Mjumbe wa akina mama, mwenye vitenge. Kuna mpiga kinanda, ambaye kinanda ni chake mwenyewe, na kwa hiyo kura yake huhesabiwa kwa heshima ya pekee. Mwisho kuna mama mlezi, anayekaa na hao watoto kila Jumamosi, anayejua nani ana kikohozi na nani anaimba puani. Huyu kwa desturi yetu hupewa nafasi ya kusema kwenye mengineyo, wakati watu wameshaanza kutafuta viatu vyao mlangoni.

Watoto hawana mjumbe.

Kikao cha kwanza kilikwama kwenye kalenda. Baba katekista alitukumbusha kwamba kabla ya Noeli kuna Majilio, Jumapili nne za kungoja, rangi ya zambarau, Utukufu hauimbwi, na wimbo wa Noeli haugusi dari ya kanisa mpaka kesha la tarehe 24. Hakuna aliyebisha, sheria ni sheria. Lakini niliuliza swali la mkulima: wimbo usioruhusiwa kuimbwa kabla ya tarehe 24 jioni, mtoto wa miaka sita ataujuaje tarehe 24 jioni? Baada ya mjadala mrefu ikaamuliwa watoto wafanyie mazoezi chini ya mwembe, mbali na kanisa, na kwamba Jumapili wajifanye hawajui kitu.

Nani alishawahi kumwambia mtoto ajifanye hajui wimbo? Jumapili ya pili ya Majilio, watu wakiwa kwenye mstari wa komunyo, kimya, uso wa toba, mtoto mmoja wa benchi la mbele akaanza kuimba kwa furaha kwamba Mwokozi ameshazaliwa. Wenzake wakampokea. Baba katekista akageuka taratibu. Akina mama wakaziba midomo kwa khanga. Kwa ule mwaka wa Kanisa, Noeli ya Chita ilitangulia ya Roma.

Kikao kilichofuata ndicho cha nyimbo zenyewe. Mjumbe wa vijana alitoa hoja ya kwanza, na hoja yake ilikuwa ndani ya simu. Watoto wa dada yake wanasoma shule ya Kiingereza huko Morogoro. Kwenye mahafali yao wameimba "Jingle Bells" wakiwa wamevaa kofia nyekundu zenye manyoya, na video imezunguka kundi la ukoo mzima. "Sasa kwa nini watoto wetu wabaki nyuma?" akauliza, akiangalia upande wangu.

Nikamwomba atueleze wimbo huo unasema nini. Akasema unasema Krismasi. Hausemi. Ulitungwa na Mmarekani aitwaye James Lord Pierpont, ukachapishwa Boston mwaka 1857, na kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho hakuna Yesu, hakuna Maria, hakuna Bethlehemu, na hiyo Krismasi yenyewe haikutajwa. Kuna kijana, farasi mmoja, na kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Kijana kampakia binti, kaongeza mwendo, wakapinduka wote. Sasa hiyo kwetu ni Noeli? Hiyo ni bodaboda ya kutoka Mngeta kwenda Mlimba mwezi wa Machi. Sisi hatuitungii wimbo, tunaipeleka zahanati.

"Kumbe!" akasema mjumbe wa akina mama. "Na zile taa za kumetameta kule madukani Ifakara zinazopiga huo wimbo kutwa nzima?" Nikamwambia ndiyo maana ukitoka kununua kiberiti unarudi nyumbani kichwa kinauma.

Kijana hakukata tamaa. Akaleta wa pili, ule wa Rudolph, paa wa nchi za baridi mwenye pua nyekundu anayechekwachekwa na wenzake. Huyu naye nilimjua. Alizaliwa mwaka 1939 katika kijitabu kilichoandikwa na Robert L. May, mfanyakazi wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, kigawiwe bure kwa watoto wa wateja. Miaka kumi baadaye, 1949, Johnny Marks akamtungia wimbo, Gene Autry akauimba. Yaani hakutoka Injili ya Luka, ametoka dukani. Tena hapa kwetu mnyama mwenye pua inayowaka usiku hapewi kazi ya kuongoza msafara. Anaitiwa bwana mifugo.

Na kama tunatafuta mnyama wa kuimbwa, tumekosa wetu? Tuna sheshe, swala wa majani marefu ya bondeni, ambaye sehemu kubwa ya ukoo wake duniani imeishi hapa Kilombero. Hajawahi kupewa hata kiitikio. Tena tuna chura wa Kihansi, jirani yetu kabisa hapo mlimani, kiumbe kisichozidi kidole gumba, asiyetaga mayai bali anazaa watoto hai. Mitambo ya umeme ya Kihansi ilipowashwa mwaka 2000, maporomoko yakapungua manyunyu, chura akaanza kupotea. Wakamchukua kwa ndege wakampeleka Marekani, akalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo; mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini amekwisha; mwaka 2012 akarudishwa kwao. Mdogo, amedharauliwa, amekimbizwa nchi ya mbali kuokoa uhai wake, amerudi nyumbani. Ukinisikiliza vizuri utaona hiyo safari inafanana zaidi na ya familia moja iliyokimbilia Misri kuliko vile Rudolph anavyofanana na chochote. Nilipolisema hilo, mwenyekiti akaandika kwenye muhtasari: "Mjumbe alizungumzia vyura."

Theluji ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Kila wimbo wa kwenye ile simu ulikuwa na theluji. Upo ule wa Irving Berlin ambao Bing Crosby aliuimba mwaka 1942, wa kuota Krismasi nyeupe. Tangu hapo dunia nzima inaota. Mama mlezi aliwahi kuwauliza watoto theluji ni nini. Mmoja akasema ni barafu ya kukwangua kwenye friji la duka la soda. Mwingine, aliyewahi kusafiri, akasema iko Kilimanjaro, wameiweka juu watu wasiichezee. Wa tatu akasema ni ugonjwa wa mpunga. Kwa mtoto wa Chita hilo la tatu ndilo jibu la akili, maana ukiona shamba limegeuka jeupe kwa usiku mmoja, cha kwanza kufanya si kuimba.

Halafu, kana kwamba hatujachekwa vya kutosha, kijana akacheza ule wa mwaka 1984, walioimba wanamuziki wa Uingereza na Ireland chini ya Bob Geldof na Midge Ure kuchangia wenye njaa Ethiopia. Nia njema kabisa, na fedha zilipatikana. Lakini wimbo wenyewe unasikitika kwamba Afrika Krismasi haitakuwa na theluji, kwamba huku mvua hainyeshi na mito haina maji, na unajiuliza kama tunajua hata kwamba sikukuu imefika. Nikamwambia kijana asimamishe hapo, atoke nje, atazame. Nyuma yetu Udzungwa, wingu limekaa mabegani. Mbele yetu bonde oevu la karibu kilomita za mraba 8,000, lililoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka huku kwetu. Zile megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, usiziwashie taa bila kusema asante Kilombero. Wiki ile ile Landrover ilikuwa imezama barabarani mpaka milangoni. Halafu nimfundishe mtoto wangu kuimba kwamba hakuna mvua? Ataimba akiwa amesimama kwenye maji ya magoti?

Kijana akafunga simu. Akabaki na ule wa Boney M wa mwaka 1978, uliowahi kuimbwa na Harry Belafonte tangu 1956. Huo angalau una Maria, una Bethlehemu, una mtoto. Sikuwa na la kusema dhidi yake, isipokuwa kwamba kila baa kati ya Kidatu na Mlimba inaupiga kuanzia tarehe mosi Desemba, na mtoto akiusikia kanisani anageuka kumtafuta baba yake.

Zamu ya wazee ikafika. Mjumbe wa wazee hakuleta hoja, alileta amri: "Usiku Mtakatifu." Basi. Ndio walioimba wao, ndio walioimba baba zao, ndio waliofundishwa na wamisionari, na wimbo hauhitaji kamati. Akaongeza kwamba huu uhuni wa magitaa na ngoma kanisani ndio umeleta viwavijeshi kwenye mahindi.

Ni wimbo mzuri, siubishii. Lakini mzee wangu huyu hajui alichokumbatia. Maneno yaliandikwa na padri kijana wa Austria, Joseph Mohr; sauti ikatiwa na mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber; ukaimbwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 24 Desemba 1818 katika kanisa la Oberndorf, karibu na Salzburg, kwa waimbaji wawili na chombo kimoja. Chombo chenyewe kilikuwa gitaa. Ndiyo, shikamoo mzee, gitaa. Nilipolieleza hilo, akaniuliza mimi nilikuwepo.

Tatizo langu na wazee ni mwendo zaidi kuliko wimbo. Huo ni wimbo wa kubembeleza mtoto, unapaswa kuyumba kidogo. Wenzetu wameupunguza kasi mwaka hadi mwaka hivi kwamba sasa ukianza ubeti wa kwanza una njaa, unamaliza wa tatu umeshiba na kuona njaa tena. Na watoto wanaimbishwa hivyo saa nne usiku, wameamka tangu alfajiri. Mwaka uliopita malaika watatu walisinzia wakiwa wamesimama, na mmoja wa wale mamajusi ilibidi abebwe na ubani wake.

Mwalimu wa kwaya alingoja wote tumalize, akafungua faili. Yeye ana utunzi mpya wa sauti nne, kurasa sita, wenye kupokezana: soprano wanaanza, alto wanafuata nyuma kidogo, teno wanaingilia katikati, besi wanakuja mwisho kama deni. Neno "amezaliwa" peke yake lina silabi tano kwenye karatasi na thelathini mdomoni. Nikamuuliza kwa adabu: mwalimu, kati ya watoto wetu, besi ni yupi? Akafikiri. Akasema besi wataazimwa kutoka kwaya kubwa. Na teno? Nao wataazimwa. Na alto? Alto watakuwa akina mama. Kwa hiyo kwaya ya watoto itakuwa na watoto kwenye soprano tu, na ile soprano inapanda juu mno, kwa hiyo wakubwa wawasaidie. Nikapiga hesabu. Hapo watoto wamebakiwa na kazi ya kusimama mbele na kuvaa sare.

"Sare," mjumbe wa akina mama akadakia, akatandaza vitenge mezani, na ajenda ya nyimbo ikafunikwa kwa nusu saa.

Mpiga kinanda hakujali wimbo gani utachaguliwa. Kwake nyimbo zote ni moja. Kinanda chake kina vitufe vya mapigo, na kimoja kati ya hivyo kimechubuka namba kwa kubonyezwa. Ukimletea wimbo wa toba, anabonyeza hicho. Wa shukrani, hicho. Wa Noeli ukiingia humo unatoka umekuwa harusi. Isitoshe, kinanda kina spika mbili, na mwimbaji ana koo la mtoto wa darasa la pili. Hapo nani atamsikia nani? Mvua ikianza kushuka kutoka mlimani na kupiga bati, kinanda kinaongezwa sauti, watoto wanaongeza sauti, jenereta nayo nje inaongeza sauti, na waumini wanafuata Noeli kwa kutazama midomo.

Katika yote hayo hakuna aliyegusa jambo lililo wazi kwa kila mtu wa bonde hili. Desemba ndiyo kazi. Watu wanaburuga, wanapanda supa, wengine shingo ya mwali, wengine saro, na familia nyingi zinahamia kule kwenye mashamba ya mbali, zinalala kwenye vibanda na madungu mpaka kazi ipungue. Watoto wanaenda na wazazi wao. Jumamosi hii mwembe umejaa, Jumamosi ijayo mama mlezi amebaki na mtoto wa mwalimu mkuu na mtoto wa mwenye duka. Sasa utunzi wa kurasa sita wenye kupokezana utampokeza nani? Watoto wa Chita wanahitaji wimbo ambao aliyekosa mazoezi mawili anaweza kuingia nao mlangoni na kuimba.

Na wanazo nyimbo za namna hiyo. Wanazijua kuliko Baba Yetu. Kijiji chetu kina jirani mkubwa, kambi ya JKT, 837 KJ, na alfajiri vijana wakipita kwenye mchakamchaka wanaimba chenja. Mmoja anatoa, mia wanapokea. Hakuna mtoto hapa asiyezijua. Mwambie yeyote kati yao "imba", atainua goti kwanza. Mama mlezi amehangaika miaka yote kuwafundisha kuingia kanisani taratibu na mikono kifuani; wimbo ukichangamka tu, miguu inakumbuka kambi.

Nililitaja hilo kikaoni, kwamba watoto waimbe kwa kupokezana kwa namna wanayoijua, na ngoma moja ndogo. Mjumbe wa wazee akasimama. Ngoma? Chenja? Kanisani? Akaniuliza kama Kanisa linaruhusu. Nikafurahi kuulizwa. Mtaguso wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake. Mwaka huo huo, 1963, Padri Stephen Mbunga, Mtanzania, mwana wa Kusini, alitoa kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na kabla ya hapo, mwaka 1959, alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu kwa mahadhi ya kwetu. Yaani jambo hili lilijadiliwa na kwisha tembo wa bondeni wakiwa bado wanalala barabarani. Sisi Chita ndio tumelifungua upya, na chai juu.

Na majirani zetu Walutheri ndio wananitia aibu zaidi. Mchungaji Bernard Kyamanywa alitunga "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966, wimbo wa Pasaka. Leo Wajerumani wanauimba kwa Kijerumani chao, Wamarekani kwa Kiingereza chao. Hakuna mzee wa Ujerumani aliyesimama kusema wimbo umetoka nchi ya joto, waumini watatoka jasho. Wameupokea wanaimba. Sisi ndio tunaotaka kila kitu kije na theluji yake.

Tena nani kasema hadithi hii ni ngeni kwa watoto wetu? Serikali imeagiza watu wahesabiwe. Watoto hawa walihesabiwa mwaka 2022, karani kaja na kishikwambi, wanakumbuka. Mama mjamzito yuko safarini, njia mbaya, miezi imetimia. Hapo kila nyumba ina shangazi wa kusimulia. Wamefika, hakuna nafasi. Muulize yeyote aliyelala Ifakara mjini siku ya mnada. Mtoto anazaliwa penye ng'ombe. Bondeni humu ng'ombe wako kila upande, na wachungaji wanaokesha nao malishoni wamevaa mablanketi na kushika tochi. Fransisko wa Asizi alipotengeneza pango la kwanza huko Greccio mwaka 1223, alileta ng'ombe na punda wa kweli, watu waone kwa macho yao. Wanawe Wakapuchini wa Uswisi walifika nchi hii mwaka 1921, wakaingia mpaka huku kwetu, na hospitali kubwa ya Ifakara inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Fransisko hakuagiza theluji Greccio, na huko baridi ipo. Alitumia kilichokuwepo.

Niliyasema haya yote kwa utulivu mkubwa, nikiwa nimesimama, nikipiga meza. Mwenyekiti akaniambia muda wangu umekwisha.

Ikawa tupige kura. Mvua nayo ikashuka hapo hapo, ile ya kushusha pazia, na mazungumzo yakakatika kwa sababu ya bati. Ilipopungua kidogo tukasikia baraza la nje. Watoto waliokuwa wanangoja mazoezi, na ambao hakuna aliyekumbuka kuwaambia mazoezi hayapo, walikuwa wamejibanza ukutani wanaimba. Binti mmoja wa darasa la nne alikuwa amegeuza ndoo ya kudekia, anaipiga chini yake. Anauliza nani kazaliwa, wenzake wanajibu. Anauliza wapi, wanajibu. Anauliza nani kaja kumwona, na hapo kila mtoto anatia wa kwake: wachungaji, ng'ombe, bibi wa fulani, askari wa kambini, na mmoja, Mungu ambariki, akatia chura. Sauti yao wenyewe, kimo chao wenyewe, na wale wadogo waliofika siku hiyo kwa mara ya kwanza walikuwa wameshaujua.

Mama mlezi akasema huo wameutunga wenyewe, wanaimba kila wakimngoja, na alikuwa anataka kuutaja kwenye mengineyo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Sikuwa nimewajua watu wazima vizuri. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshatoa kalamu: wimbo una mbegu nzuri, atautilia sauti tatu zilizobaki. Mpiga kinanda akasema pigo lake analo, akawa anapapasa hewani kutafuta kitufe. Mjumbe wa wazee akasema watoto wanaweza, ila wapunguze mwendo. Mjumbe wa akina mama akasema kwa wimbo wa namna ile kitenge cha kijani kitapendeza zaidi. Kijana alikuwa nje, anarekodi, anawaambia watoto warudie mara ya nne wakimwangalia yeye. Baba katekista, mtu wa haki, akauliza nani ameuidhinisha, halafu yule chura aondoke.

Kwa hasira nikatoa hoja moja, iandikwe: wimbo wa watoto uachwe kwa watoto, na mtu yeyote mwenye ndevu au kinanda akae hatua kumi kutoka pale wanapoimba. Haikupata wa kuiunga mkono isipokuwa mama mlezi, ambaye kura yake, tuliambiwa, ni ya ushauri.

Ukapatikana muafaka, na muafaka wa kamati mnaujua. Kesha la tarehe 24 wamejiwekea wakubwa: sauti nne, kinanda, "Usiku Mtakatifu" kwa mwendo wa wazee, na kijana kapewa wimbo mmoja wa simu wa kufungia, wenye theluji. Watoto watasimama mbele na sare zao. Wimbo wa ndoo umepelekwa tarehe 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi, siku ya Utoto Mtakatifu, mchana kweupe, wakati wakubwa wengi wako kwenye majaruba. Watoto walipoambiwa walishangilia kuliko waliposikia habari za soda. Chura amebaki, kwa sharti asitajwe mara mbili.

Mimi nitahudhuria tarehe 28, benchi la mbele. Kuhusu tarehe 24 usiku, nimeshaanza kusikia baridi kwenye viungo na uchungu mdomoni. Hapa bondeni, ambako watafiti wa Ifakara wanahesabu mbu miaka nenda rudi, hakuna atakayeniuliza cheti.